Dirisha la Bibi

Baba alipomaliza kujenga nyumba ya matofali kule Uru, nilipewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama mlima. Nilikuwa nimeshaishi humo kichwani kabla sakafu haijakauka: nalala nakiona kilele cha Kibo, naamka nasoma Kiingereza, naongoza watalii. Shule niliishia la saba, lakini kuota hakuna mtihani.

Kipupwe kile kikohozi cha Bibi kikazidi. Alikuwa bado analala kwenye nyumba yake ya nyasi, na moshi na ng'ombe humo humo. Nikamwachia chumba changu. Akakataa kwa sababu ya dirisha.

"Nyumba yenye matundu? Hapana."

Wakati huo nilikuwa nasoma kozi ya Kiingereza mjini Moshi. Siku moja mwalimu akatueleza kwamba neno "window" Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambao zamani waliita dirisha jicho la upepo. Jicho la upepo! Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikitabasamu peke yangu. Bibi akisikia hili, nikawaza, atahama leo leo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Neno."

"Linaliwa?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo.

"Si ndiyo nawaambia kila siku!" akasema alipopata pumzi. "Wenye neno wenyewe wanajua upepo unapita hapo. Halafu wewe, msomi wangu, unataka nilale upepo ukinikodolea jicho?"

Mama alikuwa mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe. "Tumekutuma umshawishi, wewe umemwongezea sababu!"

Bibi akakohoa tena, kile kirefu cha kuinamia magoti.

"Na likizibwa?" nikauliza.

"Likizibwa nakuja."

Kesho yake nikamwita fundi. Akaitazama fremu aliyoiweka juzi tu. "Kijana, mlima umekukosea nini?"

Nikampa tofali la kwanza, nikaendelea kumpa. Tulipofika la mwisho nilichungulia. Kulikuwa na mawingu matupu.

Bibi alihamia jioni ile na kigoda chake, mimi nikatandika sebuleni. Asubuhi Mama akamwuliza amelalaje.

"Nimelala," akasema, akaomba uji.