Taya la Mama wa Bibi Harusi

Binti yangu aliniambia Jumapili mchana, nikiwa kwenye cherehani nikimshonea gauni la sherehe ya kumuaga. Alikuwa na simu mkononi. "Mama, usikasirike," akasema, na mimi nikakasirika palepale, maana hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisikasirike akafuatisha neno zuri.

Akanionyesha picha aliyonipiga kutoka ubavuni bila mimi kujua. Nimeinamia mashine, na nyama ya shavu imeshuka, imepita mstari wa taya na kukutana na ngozi ya shingo. Ukitafuta kidevu kinapoishia na shingo inapoanzia, huoni.

"Siku hizi kuna njia nyingi za kukaza hapa," akasema, akijigusa shingoni mwake, palipo laini kama kitambaa kipya. "Sherehe bado wiki sita. Wakwe watakuja na ndugu zao wote. Fanya kitu kidogo tu."

Nina miaka hamsini na miwili. Nimewashonea wanawake wa mtaa wetu wa Mirongo kwa miaka thelathini. Nimepima viuno vilivyotoweka na matumbo yaliyokuja bila kualikwa, na sijawahi kumtolea mteja neno. Naachia mshono, naendelea na kazi. Sasa mtoto niliyemzaa mwenyewe alikuwa amesimama dukani kwangu ananipima shingo.

Nilimjibu vibaya, sitaki hata kuyarudia maneno yale. Lakini usiku ule nilijitazama kwenye kioo cha wateja, na sikuona taya. Niliona kwamba mwanangu anaolewa, atanisimamisha mbele ya watu, na ananionea aibu. Hilo ndilo lililoniuma. Baba yake alinipa talaka miaka tisa iliyopita, akaoa msichana aliyekaribiana umri na binti yetu, akahamia Geita. Tayari maneno yalikuwa yanazunguka kwamba anataka mke wake akae meza ya wazazi siku hiyo. Kamati ya sherehe ilikataa, ila maneno hayahitaji tiketi ya kivuko. Yalishavuka yakamfikia mama yangu mzazi, anayeishi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, naye akanipigia simu akisema kama atamwona mwanamke yule mahali pangu, hataingia.

Basi nikaanza kutafuta njia, na hapo ujeuri wangu ulilala kwa muda.

Nikaanza na mazoezi ya kwenye simu. Unatoa taya la chini mbele, unatazama dari, unakaza midomo kama unalibusu. Siku ya tatu mteja aliingia akanikuta nabusu dari. Akaniuliza kwa huruma kama ni jino la nyuma. Nikamwambia ndiyo, akanitajia daktari wa meno mzuri, na ikabidi nimshukuru.

Nikanunua jiwe la kijani la kusugulia uso, lile wanalosema upandishe kutoka kidevuni kwenda sikioni. Asubuhi uso ulikuwa mwepesi, hilo silikatai. Ikifika saa nne ulikuwa umerudi kwake. Dada mwenye duka la vipodozi akataka kuniuzia na krimu ya kuchanganya, kwenye kopo lisilo na jina wala maandishi. Nimeona wateja wangu walivyobabuka kwa makopo yale. Nikamwambia ajipake kwanza yeye, nitarudi baada ya mwezi nimwone.

Mwishowe nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mwanamke mdogo, wa kuweza kuwa binti yangu. Akasimama, akaniamkia shikamoo, akanikalisha. Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu alikuwa mkweli. Alisema mazoezi na mawe hayanyanyui ngozi iliyolegea. Krimu nzuri inaisaidia ngozi, na ile ya kuzuia jua ningeianza zamani ingenifaa zaidi, lakini hakuna krimu inayopandisha nyama iliyoshuka. Kuna mashine ya kupasha ngozi joto kwa ndani ili ijikaze, nayo inakwenda taratibu na inaleta mabadiliko madogo. Kuna sindano za kujaza kando ya taya ili mstari uonekane tena, zikiisha nguvu unarudi kuchomwa. Kuna nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi kuivuta juu, nazo pia hazidumu. Na kuna upasuaji, ambao ndio unaokaa muda mrefu, lakini huo ningeusafiria, na una hatari zake kama kisu chochote.

"Kwa wiki sita ulizonazo, mama, labda sindano au nyuzi," akasema. "Na unaweza pia usifanye chochote. Huumwi."

Nikasema nyuzi. Ndiyo, nilisema. Fundi cherehani mzima nikakubali kutiwa uzi usoni.

Akachukua penseli nyeupe akanichora, mistari miwili kila upande kutoka pembe ya mdomo hadi chini ya sikio, halafu akanipa kioo nione. Nilipoona alama zile nilipandwa na hasira. Mimi ndiye ninayechora watu. Nguo naichora kwa sababu mwenyewe ameileta, akasema inambana au inampwaya. Uso huu haukuwa unanibana. Ninalia nao, ninacheka nao, ninashikilia pini mdomoni kutwa nzima, na haujawahi kunikwamisha kazi hata siku moja.

Nikaomba pamba. Nikafuta mwenyewe.

Sisemi anayefanya amekosea. Ninaye mteja aliyefanya, akapendeza, na nilimwambia hivyo kwa moyo mweupe. Yeye alikwenda kwa haja yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya wakwe ambao hata sijawahi kunywa nao chai, na kwa ajili ya msichana wa Geita ambaye hana habari kama nina taya.

Binti yangu aliposikia nimekataa hakukanyaga dukani siku mbili. Siku ya tatu akaja na sauti laini. Basi iwe hivyo, akasema, lakini picha yangu ya bango litakalowekwa mlangoni mwa ukumbi apewe mpiga picha airekebishe kwenye kompyuta. Hakuna sindano wala maumivu, ni picha tu. Nilikuwa nimechoka kugombana na mtoto anayekaribia kuondoka nyumbani. Nikasema sawa.

Bango lilipoletwa, binti yangu alikuwa katikati, baba yake kulia, mimi kushoto. Mpiga picha alikuwa amenipandisha mashavu, amenichongea kidevu, na alipofika huko akaona asiishie njiani, akaniondolea na mifuko ya macho na mikunjo yote ya paji la uso. Nikacheka. Halafu niseme ukweli, nilipendezwa. Nilirudi kulitazama mara mbili jioni ile.

Siku ya sherehe ilifika. Ukumbi tulioupata uko karibu na ziwa, upepo unaingia hadi jikoni. Saa kumi alasiri, baba wa binti yangu akiwa bado njiani kutoka Geita, nilikuwa ndani nikipanga vitambaa vya meza, mmoja wa wanakamati akanijia mbio. "Mama yako amefika, lakini amekaa nje chini, hataki kuingia. Njoo haraka."

Nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya saruji, mkeka aliomsukia mjukuu wake umelala mapajani, ameupa mlango mgongo. Alikuwa amevuka na kivuko cha mchana na vumbi la safari lilikuwa bado miguuni. Wageni walikuwa wanampita pembeni, kila mmoja akimwamkia, naye anaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Mama, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Nilikuambia." Akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka, kwenye bango. "Nilikuambia nikimwona mahali pako siingii. Wamemweka. Tena mlangoni, ili kila mtu amwone. Wamekutoa, mwanangu, na wewe umo ndani unatandika meza."

Ilinichukua muda kuelewa. Mama yangu hakuwahi kumwona mke wa Geita. Alichokijua ni kwamba ni mdogo, ni laini, na anataka kiti changu. Akafika mlangoni, akaona mkwe wake wa zamani, akaona mjukuu wake, na kando yao mwanamke mdogo aliye laini. Angefikiri nini kingine?

"Mama, yule ni mimi."

Akageuka. Akalitazama bango, akanitazama, akalirudia bango. "Nimekuzaa mimi. Nimekubeba mgongoni. Nisikujue?"

Watu walianza kusimama kusikiliza, na upande wa wakwe ulikuwa unashuka kwenye magari. Kwa desturi ya sherehe hizi bibi harusi haonekani mapema. Anafichwa chumba cha nyuma hadi mshereheshaji amwite, muziki upigwe, aingie ukumbini kwa shangwe. Lakini kuna aliyemfikishia habari, na binti yangu akatoka. Alipita mlango wa mbele na gauni lote, mbele ya wakwe zake, wanawake wa kamati wakimfuata nyuma wakimsihi arudi. Akapiga magoti kwenye saruji. Gauni ambalo nililitia shanga kwa wiki tatu likakaa vumbini.

"Shikamoo, bibi. Ni mama yule. Nakuapia."

"Mama yako ninamjua."

"Ni yeye. Mimi nilimwambia mpiga picha amtengeneze."

Mama yangu akamgeukia. Hakuwa na hasira tena, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Ulimwona amekosa nini?"

Binti yangu akainamia shanga za gauni. Machozi yakaanza kufanya njia kwenye poda. Ningeweza kumwacha aadhirike. Nilikuwa na haki hiyo na niliihisi, wiki sita nzima nilikuwa ninayo kifuani. Lakini mimi nilisema sawa, na mimi ndiye niliyelitazama bango mara mbili jioni na kutamani. Yule mwanamke hakuchukua mahali pangu kwa nguvu. Nilimpisha.

"Nilikubali mimi, mama," nikasema. "Usimwulize yeye peke yake."

Halafu nikapanda ngazi na kuanza kufungua nyaya za bango. Mwanakamati akaniambia niache, wageni wanaingia, ukuta utabaki mtupu. Nikamwambia ubaki mtupu. Mwenyekiti wa kamati akaja naye, akasema limeshagharimiwa, tulifiche tu kwa maua. Niliendelea kufungua. Waya wa pili ulinichana kidole, na wa tatu nikaona mkono mwingine unaufungua, wenye hina mpya. Tukalishusha pamoja, tukalikunja, tukalisimamisha nyuma ya jenereta.

Mama yangu akanyanyuka. Akajikung'uta, akauweka mkeka wake kwapani, akaingia ukumbini mbele ya kila mtu, kwa mwendo wa mwenye shughuli. Binti yangu hakurudi tena kufichwa. Alisema wameshamwona, basi atawapokea wageni mlangoni pamoja na mimi. Wakwe walitukuta pale, yeye na poda iliyochuruzika, mimi na damu kidoleni na taya langu lote. Mama mkwe wake alinikumbatia. Kwa karibu niliona na yeye taya lake limeshuka, tena kuliko langu, na sijui kwa nini kwa wiki sita sikuwahi kufikiri kwamba wakwe nao wana miaka.

Mpiga picha alikuja akiwa amenuna kwa ajili ya bango lake. Akatupanga mbele ya ukuta mtupu, mama yangu kwenye kiti, mimi na binti yangu nyuma yake. Akatazama kwenye kamera, akakunja uso.

"Mama, inua kidevu kidogo. Shingo inajikunja."

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu alinishika mkono. "Mwache," akasema. "Na usimguse huko kwenye kompyuta. Nataka wanangu wakija wamjue."

Sikuinua. Nilimtazama yule kijana moja kwa moja, nikakiacha kidevu kikae kinapokaa, akapiga.