Mzee Haangaliwi Mdomoni

Wodini walimwita Mama Kalamu, na mwenyewe hakuwahi kuuliza kama hiyo ni sifa au ni kijembe. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa tiba shufaa, ile wodi ambayo mgonjwa haendi kuponywa. Anaenda kutulizwa maumivu, ili siku zake zilizobaki aziishi kama mtu. Vitanda kumi na viwili tu, wanaume upande huu, wanawake upande ule, ukuta mfupi katikati. Chati zake zilikuwa safi, hazina mkwaruzo. Ukimwambia umempa mgonjwa dawa halafu hukuandika, atakutazama mpaka uombe radhi kwa makosa ya mwaka juzi.

Wauguzi wapya aliwafundisha jambo moja zaidi, na kwa hili alijivunia kuliko hata mwandiko wake. "Mzee haangaliwi mdomoni," aliwaambia. "Mpe kidonge, mpe maji, kisha geuka unyooshe shuka. Mtu mzima ameshavuliwa nguo na watoto wa kuwazaa, ameogeshwa, amefutwa. Basi hata kumeza asimeze peke yake?" Nani angembishia? Lilikuwa neno la mtu aliyelelewa akaleleka. Lakini hata adabu ina siku yake ya kukuponza.

Kitanda namba nne alilazwa seremala mmoja mstaafu, wote wakimwita Fundi. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye nyonga na uti wa mgongo. Siku ya kwanza tu alilitazama kabati la kando ya kitanda, mlango umepinda upande, akauliza, "Aliyetengeneza hiki kitu alikuwa anafukuzwa na nyuki?" Wodi nzima ikacheka. Akapewa kidonge cha mofini, akameza, na baada ya muda akalala usingizi ambao mkewe alisema hajauona tangu mwaka uliopita.

Kuanzia kesho yake mambo yakaharibika. Kila baada ya saa nne Fundi alipewa kidonge, muuguzi wa zamu akageuka kidogo kama alivyofundishwa, kisha akaandika: amemeza. Na maumivu hayakushuka. Daktari akapandisha dozi. Wapi! Akapandisha tena. Fundi akawa anauma kona ya mto ili asipige kelele, jasho linamtiririka, utani wote umekauka.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Mama Kalamu aliinama kitandani kwake. "Baba, kwa kumi, maumivu yamefika ngapi?"

"Andika unayotaka, mwanangu," Fundi alisema, meno yamekazana. "Kalamu unayo."

Daktari alikuwa ameshaamua. Ikiwa vidonge vyote hivyo vimeshindwa, basi ni sindano, na dozi yenyewe iwe kubwa, kulingana na kiasi ambacho mgonjwa ameshazoea kumeza. Katika chumba cha dawa muuguzi mwenzake, mama mmoja mnene wanayemwita Bi Haraka, alikuwa anaivuta mofini kwenye bomba la sindano. Mama Kalamu naye, aliyebaki kando ya kitanda, kwa kukosa la kufanya akachukua kifuko cha miwani ya mzee ili amfutie vioo. Chini ya miwani akakuta leso imefungwa fundo. Akaifungua.

Vidonge. Vingine vizima, vingine vimelainika ukingoni kwa mate. Alivitambua kabla hajavihesabu, na alipovihesabu vilikuwa thelathini na vitatu. Tangu alazwe, Fundi alikuwa amepewa thelathini na sita.

Mwili uliozoea mofini huihimili dozi kubwa. Mwili usioizoea husahau kupumua. Na mwili wa Fundi haukuizoea kabisa. Ulioizoea ni karatasi, na karatasi ilikuwa na mwandiko wake.

Sasa, ningependa kukwambia kwamba alikimbia papo hapo akasema kweli. Hakufanya hivyo. Alikunja leso, akaitia mfukoni mwa gwanda, akaenda mlangoni mwa chumba cha dawa na kusema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Subiri kidogo. Amesinzia."

"Amesinzia?" Bi Haraka alishangaa. "Mbona namsikia akiguna mpaka huku?"

Daktari aliingia wakati huohuo, akalichukua bomba. Alikuwa mtu mpole, lakini siku sita za kushindwa zilikuwa zimemchosha. "Jana umenilalamikia kwamba huyu mzee anateseka. Leo unamzuilia dawa?"

"Tuanze na kidogo, Dokta."

"Kidogo? Kwa mtu anayemeza kiasi hiki?" Akanyanyua chati. "Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Una shaka nao?"

Hapo ndipo alipaswa kusema, na ulimi ukagoma. Miaka kumi na tisa! Daktari hakungoja, akashika njia ya kitanda namba nne. Mama Kalamu alimfuata akihesabu vitanda kama mwizi anayehesabu hatua: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Fundi, maskini ya Mungu, alijipandishia mkono wa shati mwenyewe. Daktari alipitisha pamba yenye spiriti na kutafuta mshipa kwa kidole.

"Usimchome!"

Hata wanawake wa upande wa pili waliinua vichwa. Mama Kalamu akatoa leso na kuimwaga kwenye sinia ya daktari, vidonge vikarukaruka. "Hajameza," alisema. "Nimeandika amemeza, na sikuona. Na wenzangu hawakuona kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wasitazame."

Daktari alivitazama vile vidonge, kisha bomba. Akalirudisha kwenye sinia. "Ningemuua," alisema.

"Ningemuua mimi, Dokta. Mkono tu ndio ungekuwa wako."

Akaambiwa aandike yote kwenye chati, kwa mkono wake, na suala lake lingezungumzwa Jumatatu ofisini. Aliandika. Machozi yalidondokea wino, na kwa mara ya kwanza chati yake ikawa na doa. Kisha akachukua kidonge kimoja cha dozi ndogo kabisa, ya kuanzia upya, akavuta kiti akakaa mbele ya mzee.

"Baba, nitakutazama. Unisamehe."

Fundi alifumba midomo kama mtoto. "Vile ni vyangu," alisema hatimaye. "Mlishanipa."

"Ulitaka umeze vyote siku moja?"

"Mimi? Nina haraka ya nini?"

"Basi niambie. Nimekaribia kukuzika leo, nina haki ya kujua. Mficha maradhi, baba..." Akasita, maana methali ile inaishia kwenye neno ambalo wodini hawalitamki hovyo.

"Kifo humuumbua," Fundi alimmalizia. "Lakini mwenye kuficha si mimi." Akageuza uso ukutani. "Ni mke wangu. Ana uvimbe kwenye ziwa. Miezi saba sasa, na umeshapasuka. Anaukanda kwa maji ya chumvi, anafunga kitambaa, anavaa nguo, anakuja kuniona. Ameniapisha nisiseme. Ati naye akilazwa, nani atanifulia?"

Mama Kalamu akakisogeza kiti karibu zaidi.

"Kile kidonge cha kwanza," mzee aliendelea, sauti inakatika, "nilipomeza, maumivu yakanyamaza. Nikajisemea, loo, kumbe duniani kuna kitu kama hiki, na yeye hana! Ningelalaje? Nikaanza kumwekea. Viwili vingine vilinishinda, nikavimeza. Niliona haya, mwanangu. Niliona haya sana."

Alikimeza kile kidogo huku muuguzi anamtazama, wote wawili wakilia waziwazi. Saa sita mchana paji lake la uso lilikuwa limekunjuka.

Saa kumi mlango wa wageni ulifunguliwa. Bibi mwembamba aliingia na kikapu cha nguo zilizopigwa pasi, bega moja limeshuka, akasalimia kila kitanda kama kawaida yake. Mama Kalamu alikwenda kumpokea kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Mgonjwa wangu ameshindaje?"

"Mgonjwa wako amelala. Leo, mama, hukuja kumwona mgonjwa. Tumekungoja wewe."

Bibi alisimama. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshafumbua macho. "Umeniuza, Fundi?"

"Nimekuuza, mke wangu."

Akafungua mdomo ili amgombeze, na wodi nzima ilidhani atamgombeza kweli. Badala yake alimwegemea Mama Kalamu, akalia kwa sauti, palepale katikati ya wodi, maumivu ya miezi saba kwa mkupuo mmoja.