Choo Mwisho wa Mstari

Mwaka 1964, nikiwa na miaka ishirini, tumbo lilinifukuza kazi. Nasema tumbo, si nyapara. Nyapara alitamka tu.

Nilikuwa nakata mkonge Kimamba, na nilikuwa hodari. Sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu leo. Lakini nikawa naweka panga chini na kukimbilia vichakani mara sita, mara nane, kabla ya adhuhuri, na huko naacha damu. Nyapara akaniambia mbele ya wenzangu, "Bwana mdogo, mkonge haukatwi na mtu aliyechuchumaa." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kauli ilikuwa nzuri, kisha nikafunga virago nikarudi kwetu Zombo.

Daktari wa Kilosa alinieleza kuwa utumbo wangu una vidonda: vitapoa, vitarudi, vitapoa, vitarudi, mpaka nife.

"Nife kwa ugonjwa huu?"

"Hapana. Mpaka ufe kwa uzee."

Nikampenda hapohapo. Alinipa dawa, akanikataza pilipili. Pilipili niliacha. Kazi sikuacha, ila kazi zenyewe ndizo zilizokuwa zikiniacha. Nimebeba mizigo stesheni, nimefyatua tofali, na kote nimeitwa mtega kazi.

Ikaja Ujamaa. Tukakusanywa kijiji kimoja, tukawa na shamba la mahindi la pamoja. Kila mtu alipewa mstari wake, tukalima bega kwa bega tukiimba. Ukitoka mstarini, kila mtu anaona pengo, na pengo langu lilionekana kama la jino la mbele. Aliyetega kazi hakupata mgawo wa mahindi. Na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Mkutanoni akasimama mama mmoja mwenye sauti kubwa. "Ndugu Mwenyekiti, huyu ni kupe! Sisi tunalima, yeye anakwenda kulala vichakani."

"Dada yangu," nikamjibu, "anayetaka kujua ninachofanya vichakani, anifuate."

Nilidhani nimewanyamazisha. Kumbe mwenyekiti alilipokea jibu langu kama pendekezo! Kesho yake akamtuma balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzima na baraghashia yake, anifuate kwa siri. Nimechuchumaa, nasikia ukelele nyuma ya kichaka. Balozi kasimama kwenye njia ya siafu. Alitoka akirukaruka, suruali mkononi, akakatiza mbele ya shamba zima, na wimbo ukakatikia hapo. Mimi nikamaliza shughuli yangu kwa utulivu, nikamfuata.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba," alijibu, huku anajikuna. "Mwanangu, unaumwa kweli. Nimeiona damu."

Akawaeleza wote palepale. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Basi kaa na wazee mkifukuza ngedere shambani. Mgawo utapata."

Hapo ndipo nilipokasirika. Kuitwa kupe niliweza kuvumilia, kwa sababu haikuwa kweli. Lakini kula mahindi ya huruma, na nina mikono hii?

"Mikono yangu haiumwi," nikasema. "Nipeni pale mwisho wa mstari tunapogeukia, nichimbe choo. Baada ya hapo nikishindwa kumaliza mstari wangu, ninyimeni hata punje."

Wakakubali. Nilichimba siku tatu, kila jioni baada ya kazi ya pamoja, mke wangu akiniletea uji. Nikalaza magogo juu ya shimo, nikashindilia udongo, nikazungushia ukuta wa nyasi. Siku ya nne nikalima, nikaenda, nikarudi, nikamaliza mstari sawa na wenzangu. Nikaupiga mwereka mwili wangu mwenyewe.

Nilichosahau ni kwamba kila mtu ana tumbo. Wiki ya pili nafika mbio, nakuta foleni! Wanawake watatu, na wa kwanza ni yule mama mwenye sauti.

"Dada, kupe nimefika."

"Subiri zamu, kaka."

"Mwenye choo hasubiri!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya balozi: "Jamani, tulieni, natoka!"

Tulicheka mpaka nikakaribia kuaibika. Tangu siku hiyo waliongeza maneno kwenye wimbo wa kulima, "Mpisheni mwenye choo," na wakiimba hivyo hata nisipobanwa natembea kama bwana harusi. Mahindi yalipovunwa nikapata mgawo kamili, nikaubeba mwenyewe kichwani, nikapita nao njia ndefu ili nionekane.

Vijiji vingine vikaniita nivichimbie vyoo. Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini hili nililijua kabla ya wasomi: kuchimba vyoo ndiyo kazi ambayo ukiianza vizuri, tumbo halikufukuzi tena. Kila nilikokwenda, Ruhembe au Mikumi, nilianza na shimo dogo langu mwenyewe, ndipo nikaanza la mwenye kazi. Hakuna nyapara aliyenitamkia kitu tena.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, bati juu. Eka saba. Mbuzi kumi na mmoja. Baiskeli mbili, moja mbovu. Mke yuleyule. Watoto sita, yule wa mimba ile ana mvi sasa. Tumbo lilelile. Na vyoo vitatu: cha wageni, cha familia, na changu, chenye kufuli. Ufunguo naning'iniza shingoni.