Mchongoano Katika Ofisi ya Probesheni

Waliosema sitaweza walikuwa wengi. Nilikuwa nimerudi kutoka Dubai, ambako nililinda mlango wa duka, nikajisomesha diploma mwenyewe na kuajiriwa kama afisa wa probesheni. "Askari wa mlango atarekebisha nani?" shemeji yangu aliuliza watu. Nilirekebisha vijana kuanzia Molo hadi Naivasha, na sijamwona afisa aliyenishinda.

Siku ya kwanza, huko Molo, mkuu wa kituo alinikabidhi Kevo, mpakiaji wa viazi vya Kuresoi aliyemvunja mtu taya kwa sababu ya tusi. Hakimu alikuwa amempa kifungo cha nje, yaani afagie soko badala ya kulala jela.

"Akipiga mtu tena, anaingia ndani," mkuu alisema. "Na huyo hukasirika kabla hujamaliza kusema."

Niliketi na Kevo. "Mzee, mtaani ukitusiwa ukanyamaza, umekwisha," aliniambia. "Kesho hata watoto watakukanyaga."

Mwingine angemhubiria. Mimi nilimuuliza: kwenye mchongoano, ule mchezo wa vijana wa kutaniana kwa maneno makali, nani hushindwa?

Akafikiri. "Anayekasirika."

"Na hiyo ni sheria ya nani?"

"Ya mtaa."

Basi kila Jumatano vijana wangu walichongoana ofisini. Aliyekunja ngumi alitoka nje. Siku moja mkuu akachungulia. "Hii ni ofisi ya serikali ama ni kilabu?"

"Ni darasa, mkubwa."

Akabamiza mlango.

Baadaye nilikwenda na mkuu sokoni kukagua kazi ya Kevo. Dede, kiongozi wa genge la zamani la Kevo, akafika na wenzake. "Niaje Kevo, siku hizi umeolewa na kanjo, hawa askari wa soko?" Akatema mate mbele ya ufagio. "Fagia na hapa."

Kevo akakunja ngumi. Mkuu akanishika mkono. Ngumi ya Kevo ikafunguka polepole, akasema:

"Dede, nyumba yenu ni ndogo mpaka mkipika chapati mnatoka kuigeuzia nje."

Genge zima likacheka. Dede alipotaka kumrukia, mwenzake akamvuta shati. "Ukikasirika umeanguka, buda."

Kevo alimaliza kifungo chake bila kumgusa mtu. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Njoro, na maafisa wapya huja kuniuliza jinsi ya kuwatoa vijana mambo ya mtaa. Nawaambia wasiyatoe yote. Halafu nawasimulia Jumatano iliyofuata siku ile ya soko, mkuu alipoingia ofisini kwangu, akavuta kiti katikati ya vijana na kulegeza tai.

"Haya," akasema. "Nani ataanza na mimi?"