Njama ya Dume la Kulimia

Tulimzika mume wangu kijijini Paya, na moto wa matanga ulikuwa bado unawaka uani polisi walipomchukua shemeji yangu. Yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Kwetu, mkubwa asipokuwepo matanga hayaondolewi, moto ule hauzimwi, na mjane anabaki kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Walimchukua pamoja na binamu yake aliyevuka mpaka kutoka Busia ya Kenya kuja kuzika. Wiki ile ghala la mbolea lilikuwa limevunjwa Nagongera. Mtu mmoja alisema aliwaona wawili hao nyuma ya jiko langu wakinong'ona, na nilipotokea wakanyamaza. Hilo lilikuwa kweli. Hata mimi niliwaona.

Kwa hiyo nilipofika gerezani Tororo, nilimhofia shemeji na niliyahofia majibu yake.

"Shemeji," nikamwambia, "mbele ya Mungu, mlikuwa mnapanga nini? Kama ni mbolea, mimi sitadanganya kwa ajili yako."

Akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunapanga. Sikatai."

Nikainuka niondoke.

"Dume lako," akasema. "Lile la kulimia. Tulikubaliana tulichinje siku ya kuondoa matanga, wewe uambiwe likishakuwa nyama. Ungejua mapema ungekataa."

"Ningekataa kabisa!"

"Unaona sasa?"

Nikacheka. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka.

Nilimweleza wakili wao, binti wa msaada wa sheria, nikidhani ataniambia ninyamaze. Badala yake akafurahi.

"Wameshtakiwa kwa njama, na kunong'ona si njama, mama," akasema. "Lazima wawe watu wawili au zaidi, wawe wamekubaliana kweli, na jambo lenyewe liwe kosa. Tena shtaka lilitaje kosa hilo. Hawa polisi wameandika majina mawili, basi."

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini hilo nililielewa.

Mahakamani mkalimani alitutafsiria maneno. Hakimu alimwuliza mwendesha mashtaka, "Walikubaliana kufanya nini?"

"Kutenda uhalifu, mheshimiwa."

"Uhalifu upi?"

"Walionekana wakinong'ona, mheshimiwa."

"Msibani ulitaka wapige kelele?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akampa muda alirekebishe shtaka. Tuliporudi mwendesha mashtaka alikuwa bado hajataja kosa lolote, na shtaka likatupwa.

Sikungoja kutoka nje. Nilipiga vigelegele pale pale kwenye benchi. Askari akanikazia macho, lakini wanawake wa Paya walikwisha kunipokea, na vigelegele vikatoka nasi mpaka barabarani.

Siku ya kuondoa matanga shemeji aliuzima moto kwa mikono yake, akalizoa jivu. Ndipo nikaenda zizini mwenyewe, nikalifungua lile dume. Mume wangu alilipenda sana. Alikuwa akiongea nalo shambani zaidi kuliko alivyoongea nami. Nikamwekea shemeji kamba mkononi.

"Haya," nikasema kwa sauti ya chini, maana machozi yalikuwa karibu. "Sasa tuko wawili, na tumekubaliana."

Akaruka nyuma. "Usinong'one, shemeji! Sema kwa nguvu, majirani wasikie!"

Nikasema kwa nguvu. Uwanja mzima ukasikia.