Orodha ya Bweni Niliyoisoma Mbele ya Wazazi

Mpaka leo nikipita njia ya kwenda Muze navuta kofia mpaka kwenye nyusi, maana kuna kijiji pale wanaamini niliwapelekea kifo kimeandikwa kwenye karatasi, na sina wa kumlaumu zaidi ya uvivu wangu.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa huru, kila aliyeweza kukodi chumba Sumbawanga mjini alikuwa na kampuni, na kampuni yangu mimi ilikuwa kompyuta moja ya mtumba yenye programu ya kuchora majengo (unachora, yenyewe inakuhesabia tofali, mbao, nondo, raha tupu). Nikapewa kuchora bweni la wasichana la shule ya kijiji kile. Mabinti wale walitembea mwendo wa saa mbili kufika shuleni, na wazazi walishachoma tofali, wanangoja orodha yangu tu ili kila kitongoji kipewe mgawo wake kabla ya mvua.

Badala ya kuchora upya nikachukua mchoro wangu wa zamani wa zahanati, wodi nikaifanya bweni, na chumba cha nyuma nisichokihitaji nikakizima kisionekane. Sikukifuta. Programu ikaendelea kukihesabu, nami nikachapa orodha bila kuisoma.

Siku ya mkutano ukungu ulikuwa umeshuka, watu wamejikunyata kwenye makoti. Nikasoma kwa mbwembwe. Vitanda ishirini na vinne, makofi. Madirisha kumi, makofi.

"Meza ya zege ya kulazia maiti, moja."

Mwenyekiti, Mzee Gaudensi, akasema taratibu, "Hebu rudia, mwanangu." Nikarudia (sijui kwa nini nilirudia!).

Bibi Skolastika, aliyekuwa na mjukuu wake Evarista, mmoja wa mabinti wale, pembeni, akainamia ramani. "Chumba chenyewe kiko wapi? Mbona sikioni?"

"Kipo, bibi," nikajibu, nikitaka kumweleza kuwa ni chumba cha maiti cha zahanati nilichokizima kwenye kompyuta, "ila hakionekani."

Jamani, maneno hayo hayasemwi mbele ya watu Ufipa, ambako kisichoonekana ni uchawi. Benchi la mbele likabaki tupu.

"Na hiyo meza," akauliza Mzee Gaudensi, "urefu wake?"

Nikatazama karatasi. "Mita mbili."

Wote wakanipima kwa macho, kuanzia viatu mpaka kofia, maana katika mkutano mzima mtu mrefu wa kuienea meza hiyo nilikuwa mimi peke yangu. Hapo nami nikaogopa, tena sana, nikajikuta nacheka na kicheko hakikomi.

"Twende," Bibi Skolastika akamwambia Evarista. "Hapa hulali."

Wakaondoka mmoja mmoja. Wiki iliyofuata nilirudi na orodha safi, hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea, na tofali zikanyeshewa palepale. Siku hizi nisichokitaka nakifuta, na kila orodha naisoma mstari kwa mstari kabla haijatoka ofisini. Lakini mvua zilipokolea mwaka ule, Evarista aliacha shule.