Karanga za Watu na Karanga Zetu

Nyumbani kwetu karanga zilikuwa na mafungu mawili, za watu na zetu. Za watu ni zile zilizojaa, zinateleza mkononi. Zetu ni zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu wa kijani ambao ukizisugua na kanga unatoka. Za watu ziliingia kwenye kiroba kumsubiri mnunuzi wa kule Nyasubi. Zetu ziliingia kwenye kinu.

Hakuna aliyeona ubaya. Mkulima gani anakula kizuri chake? Nilipoolewa kwenye ule mji wa wakwe zangu, nje kidogo ya Kahama, hata wiki haijaisha mama mkwe alinikalisha na ungo akanifundisha kazi, akiniita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma chetu.

"Mayu, usizimenye kavu, utaota malengelenge. Nyunyizia maji, funga kiroba. Kesho zinapasuka zenyewe."

Kweli zilipasuka. Vidole vyangu vilimshukuru. Ikitokea mvua tukaziacha siku mbili tatu, ukiingiza mkono ndani ya kiroba unakuta joto kama la mtu mwenye homa. Hatukujiuliza. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, na darasani hakuna aliyenifundisha karanga.

Mume wangu alizipenda kuliko nyama. Alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu. Anakaa huko wiki tatu, anarudi kapauka vumbi mpaka kope, na neno lake la kwanza si maji ya kuoga. "Mama watoto, nsansa ipo?" Nsansa ni majani ya kunde tuliyoyaanika tangu masika, na bila karanga ya kutwanga ni kama kutafuna mkeka. Basi namtilia mpaka mboga inakuwa nzito. Nyingine namkaangia anaondoka nazo. Wenzake machimboni walimtania, "Huyu hanywi, havuti, dhambi yake karanga." Na kweli, gongo hakuwahi hata kuinusa. Jumapili akiwa nyumbani ndiye aliyeshika kapu la sadaka.

Halafu akaanza kukonda mabega huku tumbo linakuja mbele. Nikamtania, "Baba watoto, una mimba ya miezi mingapi?" Akacheka akiwa ameshika ubavu wa kulia. Ule mkono pale ubavuni naukumbuka mpaka leo. Utani wangu ningeumeza kama ningeweza.

Aliposhindwa kushuka shimoni akarudi nyumbani kabisa. Watu wakasema mpe kitu cha nguvu. Nikampikia uji wa karanga, asubuhi na jioni. Unajua nilichota wapi? Kwenye zetu. Mtu anakufa mbele yangu, kiroba cha za watu kimesimama pale pale kando ya kitanda chake, na mimi nikapita nikaenda kuchota zetu. Hata haikunijia kwamba naweza kufanya vinginevyo.

Tulipofika hospitali, Shinyanga mjini, daktari alimpima damu, akampiga picha ya tumbo, kisha akaniita pembeni. Ini lilikuwa limeota uvimbe.

"Mzee alikuwa anakunywa?"

"Hajawahi, daktari."

"Mama, usimfichie."

"Simfichii. Muulize padri."

Akanitazama, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Karanga na mahindi mnatunzaje? Nikamweleza yote, mpaka ile ya kunyunyizia maji, tena nikaieleza kwa kujisifu kidogo, kama mtu anayejua kazi yake. Alivua miwani. Akasema hawezi kuapa kuwa ni karanga peke yake, kwa sababu damu imeonyesha pia virusi vya homa ya ini. Lakini ule ukungu unaacha sumu, na vitu hivyo viwili vikikutana kwenye ini moja, ini halina pa kukimbilia.

"Si tunazikaanga?" nikauliza.

"Sumu hiyo moto wa jikoni hauimalizi, mama."

Wakanipima na mimi. Sina virusi. Tumekula chungu kimoja miaka yote hiyo, mimi nimebaki.

Hakufika mavuno. Msibani nikawasikia majirani wakinong'ona, pombe ya machimboni hiyo, wote wanaishia hivyo. Mama mkwe aliinuka kwenye mkeka na uzee wake akawafokea, "Mwanangu hakunywa! Semeni kingine!" Mimi nilikuwa na hicho kingine mdomoni, nikanyamaza. Ningesemaje mbele ya yule mama?

Lakini wakosaji nawajua. Wa kwanza ni mnunuzi. Kila mwaka alichota karanga kiganjani, akanusa, zenye uvundo akaturudishia: "Hizi ni za nyumbani." Alijua, ndiyo maana hakuzitaka. Wa pili ni bwana shamba, aliyekuja na pikipiki kutuhimiza pamba tu, tunachokula hakikumhusu. Mama mkwe alinifundisha alichofundishwa. Na mimi nilitwanga.

Mwaka wa tatu baada ya msiba binti yangu alikuja na mtoto wake, ameanza kula uji. Natoka kisimani namkuta mama mkwe kwenye kinu, anatwanga zetu, ambazo sikuwahi kuthubutu kumkataza, anaimba. Nilimpokonya mtwangio.

"Mtoto huyu hali hizo!"

"Ale nini, mawe?"

"Ndizo zilizomuua mwanao."

Akakaa chini taratibu. "Nani kasema?"

"Daktari, kabla baba watoto hajafa."

"Na wewe ukaniacha nagombana na watu miaka yote hii." Akauangalia ule unga kinuni. "Uji wa ugonjwa alikuwa anapika nani?"

"Mimi, mama."

"Haya," akasema. "Basi tuko wawili."

Hatukulia. Tulichimba shimo nyuma ya choo, tukazifukia zote, na yeye ndiye aliyeshindilia udongo kwa miguu.

Mavuno yaliyofuata tulizikausha vizuri, tukazimenya kavu. Malengelenge niliyaota kama alivyosema. Mnunuzi akaja na mizani, akapima kiroba, kisha akauliza, "Na yale masalia yenu? Siku hizi nayachukua, mjini wanayasaga siagi ya karanga."

"Tumeshafukia," nikamwambia.

"Mmefukia chakula? Mna wazimu nyie?"

Mama mkwe alikifungua kiroba kilichokuwa bado kinaning'inia kwenye mizani, akaingiza mikono yote miwili, akachota zile nono ambazo mwanae hakuwahi kuzitafuna hata siku moja, akazijaza kwenye bakuli la yule mtoto wa binti yangu mpaka zikamwagika.

"Pima tena," akamwambia.